Edward Moringe Sokoine (1938–1984): Uzalendo wa Kila Siku

Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne maana ya uzalendo, mara nyingi atakujibu kwa bendera, wimbo wa taifa na vita. Majibu hayo si makosa, ila ni mafupi. Raia wengi hawaendi vitani maisha yao yote, na bendera hupandishwa asubuhi ikashushwa jioni bila sisi kuigusa. Muda uliobaki tunauishi dukani, ofisini, shambani, au kituoni tukisubiri basi. Uzalendo wa saa hizo unafananaje? Swali hilo ndilo lililoyabeba maisha ya kazi ya Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili, na ndiyo sababu tumemchagua yeye katika sura hii badala ya Mkwawa au Kinjikitile, ambao bila shaka umeshawasoma.

Sokoine hakupigania uhuru kwa maana tuliyoizoea. Alijiunga na TANU mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru wake. Waliomtangulia walikuwa wameshamaliza safari za kuomba uhuru, na wakoloni walikuwa wanafunga mizigo. Kizazi chake kilikabidhiwa kazi isiyo na nyimbo nyingi: kukusanya kodi, kugawa sukari, kuchimba visima, kuandika taarifa, kufika kazini kwa wakati.

Kutoka Monduli hadi bungeni

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, katika Mkoa wa Arusha wa leo, kwenye familia ya wafugaji wa Kimasai. Wakati ule watoto wa wafugaji walioingia shuleni walikuwa wachache, na si kwa sababu wazazi wao walikuwa wajinga, kama baadhi ya vitabu vya zamani vilivyodokeza. Ng'ombe wanahitaji mchungaji leo; shule inaahidi faida ya miaka kumi ijayo. Mzazi aliyempeleka mtoto shule alikuwa anatoa nguvu kazi ya nyumbani bila kuwa na uhakika wa kitakachorudi. Sokoine alisoma Monduli, kisha sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro, kati ya mwaka 1948 na 1958. Piga hesabu: alianza darasa la kwanza akiwa na umri wa karibu miaka kumi, umri ambao leo mtoto anahesabiwa kuwa amechelewa.

Mwaka 1962 alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi alipewa kazi ya ofisa mtendaji katika Wilaya ya Masai. Kazi hiyo hutajwa kwa mstari mmoja tu katika simulizi nyingi za maisha yake, lakini kwa maoni yangu ni kipindi kinachoeleza mengi kuliko baadhi ya miaka yake ya uwaziri. Mtendaji wa wilaya ndiye anayekutana na Serikali ikiwa imevaa nguo zake za kazini. Anajua kisima kipi kimekauka, barabara ipi haipitiki masika, shule ipi haina mwalimu, na kodi ipi imeliwa kabla ya kufika ofisini. Kiongozi aliyeanzia huko hadanganyiki kwa urahisi na taarifa nzuri zinazotumwa makao makuu, na Sokoine alijulikana baadaye kwa tabia ya kwenda kujionea mwenyewe.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Masai akiwa na umri wa miaka 27. Uchaguzi huo una umuhimu wake katika mtihani. Ulikuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, na katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Baadhi ya mawaziri waliangushwa na wapiga kura. Hivyo hata pale ambapo hapakuwa na chama cha pili, raia alikuwa na karatasi ya kura ya kumwadhibu kiongozi aliyewasahau watu wake. Kupiga kura ni wajibu wa kiraia wa kila siku? Hapana, huja kila baada ya miaka mitano. Kinachofanyika kila siku ni kufuatilia kama uliyemchagua anafanya kazi.

Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia mawasiliano, uchukuzi na kazi. Mwaka huohuo, mwezi Februari, lilitangazwa Azimio la Arusha. Wanafunzi hulikumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki na viwanda, na hulisahau upande wake uliowagusa viongozi wenyewe. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Kwa lugha ya mtaani, kiongozi aliambiwa achague: uongozi au biashara. Wapo walioona miiko hiyo ni mizigo wakatafuta njia ya kuikwepa, mathalani kwa kuandikisha mali kwa majina ya ndugu. Sokoine alihesabiwa miongoni mwa waliochagua upande mmoja na kubaki huko, na hilo ndilo lililompa baadaye ujasiri wa kuwanyooshea wengine kidole.

Vyeo vilifuatana haraka. Waziri wa Nchi mwaka 1970, kisha Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1972. Mwaka 1975 alikuwa Mbunge wa Monduli.

Waziri Mkuu mara ya kwanza: vita na gharama yake

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ziliungana kuunda Chama Cha Mapinduzi. Siku chache baadaye, tarehe 13, Sokoine aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, akichukua nafasi ya Rashidi Kawawa. Alikuwa na miaka 38. Mwaka huo ulikuwa mgumu tangu mwanzo, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Reli, ndege, bandari na posta, ambazo nchi tatu zilikuwa zikiziendesha kwa pamoja, sasa zilipaswa kuanzishwa upya na kila nchi kwa fedha zake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera. Historia ya kijeshi ya vita hivyo umeisoma kwingine. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Hapa tuangalie nyuma ya mstari wa mbele. Jeshi lililopanuliwa ghafla kwa kuwaita wanamgambo na askari wa akiba linahitaji chakula, viatu, mafuta na magari, na vita vilikuwa pembe ya kaskazini magharibi kabisa ya nchi, mbali na bandari ya Dar es Salaam. Wananchi walichangia ng'ombe, nafaka na fedha. Malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo. Kuratibu shughuli hiyo nyumbani lilikuwa jukumu lililomwangukia Waziri Mkuu na ofisi yake, kupitia mikoa na wilaya.

Mkulima aliyetoa gunia la mahindi hakupewa nishani. Dereva wa lori aliyeendesha usiku kucha kuelekea Bukoba hayumo katika orodha yoyote unayotakiwa kuikariri. Lakini ukiulizwa katika mtihani jinsi raia wasio askari walivyoshiriki katika ulinzi wa taifa, hao ndio jibu lako.

Ushindi ulikuwa ghali. Gharama ya vita hukadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, na zilikuja wakati mbaya. Bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka 1979, na kahawa, iliyokuwa imeleta fedha nyingi mwaka 1976 na 1977, ilishuka bei. Nchi ilibaki bila fedha za kigeni za kununua vipuri na malighafi. Viwanda vilianza kufanya kazi chini ya uwezo wake. Novemba 1980 Sokoine aliondoka katika nafasi ya Waziri Mkuu, na Cleopa Msuya akateuliwa.

Usichanganye vipindi hivi viwili. Kipindi cha kwanza (1977–1980) ni cha Vita vya Kagera. Kipindi cha pili (1983–1984) ni cha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Mtahiniwa anayemweka Sokoine akiwakamata walanguzi wakati wa vita hupoteza alama ambazo zilikuwa zake.

Sabuni ilikwenda wapi?

Kabla ya kuieleza kampeni ya 1983 lazima uelewe maisha ya dukani yalivyokuwa. Kama una bibi au babu karibu, mwulize. Maelezo yake yatakufaa kuliko kurasa hizi. Atakusimulia foleni. Watu walipanga mstari kwa ajili ya sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, unga, khanga, dawa ya meno. Wengine walipanga mstari kwanza, wakauliza baadaye kinachouzwa.

Bei za bidhaa nyingi zilipangwa na Serikali kupitia Tume ya Bei. Bidhaa zilitoka kiwandani zikaenda kwa kampuni za biashara za mikoa, zikagawiwa kwa maduka ya ushirika na ya vijiji, kisha zikamfikia mwananchi kwa bei halali. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Sasa tazama ilivyotokea. Sabuni ilikuwa chache, na bei yake halali ilikuwa ndogo kuliko bei ambayo watu walikuwa tayari kuilipa. Tofauti hiyo ya bei ilikuwa fedha iliyolala chini, ikisubiri wa kuiokota. Karani wa ugawaji aliweza kuandika katoni mia zimekwenda duka fulani, ilhali sitini zimeishia uani kwa mfanyabiashara. Mtunza ghala alifumba jicho. Dereva alipitia njia nyingine. Mwenye duka aliuza chache mbele na nyingi nyuma. Mwisho wa mnyororo alisimama mnunuzi aliyelipa mara kadhaa ya bei halali na kunyamaza, kwa kuwa mtoto alihitaji kuogeshwa.

Hiyo ndiyo biashara iliyoitwa ulanguzi, na ilipovuka mipaka ikaitwa magendo. Kahawa na ng'ombe vilitoka nje ya nchi kwa njia za porini, na bidhaa za dukani zikaingia kwa njia hizohizo. Serikali ilikosa ushuru na fedha za kigeni, hivyo uwezo wa kuagiza malighafi ukazidi kupungua, sabuni ikazidi kuadimika, na faida ya mlanguzi ikakua. Ukiweza kuueleza mzunguko huu kwa maneno yako mwenyewe, utakuwa umeelewa uhusiano wa wajibu wa raia na uchumi wa taifa kuliko aliyekariri orodha ya madhara kumi ya magendo.

Zingatia pia idadi ya mikono katika mnyororo ule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa jasusi wa nchi ya kigeni. Wote walikuwa raia, na inawezekana kabisa walisimama wima wimbo wa taifa ulipopigwa.

Kampeni ya 1983

Tarehe 24 Februari 1983 Sokoine alirudi katika nafasi ya Waziri Mkuu. Mwezi mmoja baadaye, Machi, msako wa wahujumu uchumi ulianza nchi nzima. Polisi na wanamgambo walipekua maduka, maghala na nyumba. Watu zaidi ya 1,000 walikamatwa, wakiwemo wafanyabiashara wakubwa na watumishi wa umma. Bidhaa ambazo watu walikuwa wamezitafuta kwa miezi ziliibuka ghafla: mabati, saruji, vitenge, redio, magunia ya sukari. Waliokuwa watu wazima siku hizo husimulia mali iliyotupwa mabondeni na baharini usiku na wenye mali walioogopa kukutwa nayo.

Wananchi wengi waliifurahia kampeni, na ni rahisi kuona kwa nini. Kwa miaka mingi mtu wa kawaida alikuwa ameambiwa afunge mkanda kwa sababu nchi ni maskini. Sasa alioneshwa kwamba kulikuwa na waliolegeza mikanda yao gizani. Sokoine alizunguka mikoani, akakagua, akahoji viongozi mbele ya watu wao. Jina lake likawa kama kipimo; karani aliyechelewesha faili aliweza kutishiwa nalo.

Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Katika fikra za Sokoine, mhujumu hakuwa mlanguzi peke yake. Mtumishi anayefika ofisini saa nne na kuondoka saa nane, mkurugenzi anayetumia gari la shirika kubebea mkaa wake, meneja anayeacha mashine ife kwa kutoagiza kifaa cha bei ndogo, wote hao aliwaona wakila kutoka chungu kilekile cha umma.

Upande ambao vitabu vingi huuruka

Hapa ndipo jibu la wastani hutofautiana na jibu zuri. Sheria iliyotungwa mwaka 1983 kwa ajili ya wahujumu uchumi ilikuja baada ya watu kuanza kukamatwa, ikafanywa ifanye kazi kurudi nyuma. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo nje ya mahakama za kawaida. Mshtakiwa hakuruhusiwa kuwakilishwa na wakili. Dhamana haikuwepo. Mlango wa kukata rufaa katika mahakama za kawaida ulifungwa.

Fikiria maana yake. Mtu mwenye ghala la sukari iliyofichwa na mama mwenye vipande kadhaa vya sabuni alivyoviweka akiba kwa sababu hakujua vingine vitapatikana lini, wote wangeweza kuangukia katika msako mmoja. Bila wakili na bila rufaa, tofauti kati yao ilitegemea busara ya aliyewakamata. Wanasheria wa nchi hii, wakiwemo waliounga mkono nia ya kampeni, walilalamikia jambo hilo wakati uleule. Je, mtu anaweza kuipenda nchi yake na huku akiipinga sheria yake? Walioipinga sheria ile walijibu kwa vitendo. Mwaka 1984 sheria hiyo ilifutwa, ikatungwa nyingine ya makosa ya uhujumu uchumi na uhalifu wa kupangwa, ambayo ilirudisha kesi hizo Mahakama Kuu na kumruhusu mshtakiwa kuwa na wakili.

Mwaka huohuo wa 1984 Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 ilifanyiwa marekebisho makubwa, na haki za binadamu zikaingizwa ndani yake. Fungua Katiba yako uone. Ibara ya 13 inakataza kumhesabu mtu kuwa na hatia kabla ya kuthibitika, na inakataza kumwadhibu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa kisheria kilipotendwa. Kurasa chache mbele utakuta ibara za wajibu: ya 25 juu ya kufanya kazi, ya 26 juu ya kutii sheria, ya 27 juu ya kulinda mali ya umma, ya 28 juu ya kulinda taifa. Mimi huwashauri wanafunzi wazisome ibara hizo pamoja na ibara ya 13 kwa mkao mmoja, bila kuinuka. Ibara ya 27 peke yake ni Sokoine wa Machi 1983. Ibara ya 13 inamlinda yule mama mwenye sabuni.

Kuna hoja ya pili, ya kiuchumi. Msako ulizitoa bidhaa mafichoni, lakini haukutengeneza bidhaa mpya. Zilipokwisha zile zilizofichuliwa, maduka yalirudi kuwa matupu, na pengine zaidi, maana wafanyabiashara waliogopa kuweka chochote. Nafuu ilianza kuonekana baada ya Serikali, katikati ya mwaka 1984, kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Ukiandika hivi hutakuwa umemtukana marehemu. Utakuwa umeonesha kwamba nidhamu ya raia ni lazima, na kwamba nidhamu peke yake haijazi rafu za duka.

Nguvu Kazi na daladala

Mambo mawili zaidi ya mwaka 1983 yanafaa kukumbukwa, na yanavutana.

La kwanza ni Sheria ya Nguvu Kazi. Ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Nia ilikuwa kupunguza watu waliozurura mijini ilhali mashamba yanakosa mikono. Utekelezaji wake ulikuwa mkali. Katika Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani na wengine wakapelekwa vijijini, wakiwemo waliokuwa wakiuza karanga, maandazi na samaki, yaani watu ambao kwa hakika walikuwa kazini tangu alfajiri. Kosa lao lilikuwa kwamba kazi yao haikuwa na karatasi. Baadaye wafanyabiashara wadogo walianza kupewa leseni, ambazo ziliitwa leseni za Nguvu Kazi, na hivyo sheria iliyoanza kwa kuwafukuza ikaishia kuwatambua.

La pili ni usafiri. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikuwa halina mabasi ya kutosha, na wafanyakazi walichelewa kazini kwa sababu ambayo haikuwa uvivu. Mwaka 1983 Serikali ilikubali watu binafsi waingize mabasi madogo katika biashara hiyo, jambo ambalo kabla ya hapo lilifanywa kwa kujificha. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala mitaani. Makondakta waliitangaza nauli kwa kelele, na jina la daladala likazaliwa. Serikali ileile iliyomtaka raia afike kazini mapema iliona kwamba haiwezi kumdai hivyo bila kumpa namna ya kufika. Novemba 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya nao ulifunguliwa tena, baada ya nchi tatu kukubaliana jinsi ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa.

Dakawa

Aprili 1984 Bunge lilikutana Dodoma. Tarehe 12, Sokoine alianza safari ya gari kurudi Dar es Salaam. Alipofika eneo la Dakawa, kabla ya mji wa Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na raia wa Afrika Kusini, mmoja wa wapigania uhuru ambao Tanzania ilikuwa imewapa makazi katika eneo hilo. Sokoine alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Rais Nyerere alilitangazia taifa habari hiyo redioni jioni ileile, kwa sauti iliyoonesha wazi kwamba analia. Wengi waliokuwa hai siku hiyo wanakumbuka walikuwa wapi walipoisikia. Uvumi ulisambaa kwa haraka, maana mtu aliyewakasirisha matajiri wengi alikuwa amekufa ghafla, na bado unasikika vijiweni. Katika chumba cha mtihani andika ajali ya gari, Dakawa, 12 Aprili 1984. Alizikwa nyumbani kwake Monduli Juu, na Salim Ahmed Salim akateuliwa kuwa Waziri Mkuu mwezi huohuo.

Kampeni aliyoiongoza ilidumu kwa nguvu zake zote kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kumbukumbu yake imedumu zaidi. Jina lake liko katika uwanja wa mpira wa Mbeya na katika barabara inayopita karibu na bandari ya Dar es Salaam. Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kamili, nacho kikaitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Baadhi yenu mtasoma hapo. Mkitoka Morogoro kwa basi kuelekea Dodoma mtapita mahali alipofia, upande wa Dakawa, na hata jina la mahali hapo sasa limebeba lake: Wami Sokoine.

Jipime

Funga kitabu kabla ya kuanza, na tumia dakika arobaini. Mwanafunzi mmoja anadai kwamba kampeni ya mwaka 1983 ilikuwa kilele cha uzalendo nchini Tanzania. Mwenzake anadai kwamba ilikuwa uvunjaji wa haki za raia. Ukitumia maisha ya Edward Sokoine na angalau ibara mbili za Katiba, eleza ni kwa kiasi gani kila mmoja yuko sahihi. Kisha mtafute mtu mzima mmoja aliyewahi kupanga foleni ya sukari, msomee jibu lako, na usahihishe pale atakapokukatiza.